Ng'ambo ya Masale

Kama baba angepanda masale yake ovyo kama watu wengine, angezikwa kwake. Nimesema, na sirudi nyuma. Wapo wanaonikanya, "Tabea, marehemu hasemwi vibaya." Ebo! Nani kamsema vibaya? Nasema yaliyotokea.

Baba yangu, Yoeli, alikuwa fundi mwashi. Nyumba yetu aliijenga kwa mikono yake, kwa mawe ya mto Themi na chokaa, bati juu, upande ule wa juu wa mji wa Arusha ambako nyumba za makarani zilikuwa zinakwisha na migomba ya Waarusha inaanza. Sisi ni Wameru, kwa hiyo pale alikuwa mgeni. Ardhi aliiomba kwa mzee mmoja wa Kiarusha, siku ambazo Mwingereza ndiyo kwanza amemtoa Mdachi, na yule mzee akampa kipande kwa moyo mweupe. Baba akakizungushia masale, ile mimea ya majani marefu. Kwetu isale ndilo mpaka: ukishalipanda mbele ya mashahidi, hakuna mkono wa kuling'oa.

Sasa, mtu mwingine huchimba shimo hapa, shimo pale, anachomeka, basi. Baba aliyapanda kwa uzi wa kujengea. Aliuvuta kona hadi kona, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akasahihisha, ndipo akapanda. Yakaota yamenyooka kama ukuta wa kanisa. Wapita njia wakamtania, "Yoeli, hayo ni masale au askari wa gwaride?" Naye anajibu, "Pindeni nyie. Masale yangu hayapindi." Aliyajivunia yale masale kuliko nyumba, na nyumba yenyewe aliijivunia mno.

Ndipo mji ulipoanza kupanuka, akaja mzungu wa kupima na darubini yake ya miguu mitatu. Mama yangu, Penina, alikuwa anamenya ndizi nje ya jiko siku hiyo, ndiye aliyenisimulia. Yule mzungu alihangaika bondeni kutwa, mara mto umepinda, mara mwamba, mara shamba la mtu limeingia na kutoka. Alipofika kwenye masale yetu akasimama, akachungulia, akatabasamu. Mstari wake ulikuwa umekwisha kupigwa. Wakachimbia jiwe la zege kwenye shina la isale la kona ya juu, na jingine kona ya pili, na baba mwenyewe ndiye aliyewachotea maji ya kukorogea. Hata mchanganyiko aliwasahihisha!

Tangu siku ile upande wa chini wa masale ukawa mji: nyumba yetu, jiko letu, migomba yetu, yote mjini. Upande wa juu ukabaki shamba la Lekishon, mtoto wa yule mzee aliyetupa ardhi, na huko mambo yakabaki kama zamani. Makarani wakaja kutupongeza, eti sasa na sisi ni watu wa mji. Lo! Mji ulikuja na amri zake. Ng'ombe asilale uani. Choo kiwe hivi, kisiwe vile. Na mtu akifa asizikwe nyumbani kwake. Hiyo ya mwisho hatukuitia maanani, maana kwetu hakuna aliyekuwa anakufa.

Baba alishikwa na kifua mwaka uliofuata ule ambao Wameru wenzetu walitolewa Engare Nanyuki. Vumbi la mawe alilolivuta tangu ujana lilikuwa limemjaa ndani. Mimi nilikuwa nimeolewa Kikwe. Nikamwomba mume wangu ruhusa, nikaja kumwuguza, kwa sababu ndugu yangu Bariki alikuwa keya, askari wa Mwingereza, wamempeleka Malaya kwenye vita ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyejua vinahusu nini. Hospitali walimrudisha baba nyumbani. Ukiona hospitali inakurudishia mgonjwa na kukuambia umpe chochote anachopenda kula, usisubiri kuelezwa zaidi.

Wala hakupenda kula. Alitaka jambo moja tu, na alitwambia mchana, mimi na mama tumeketi kando ya kitanda. "Msinipeleke kule chini," akasema.

Kule chini ndiko yalikokuwa makaburi ya mji. Nilipajua. Huko watu walilazwa kwa mistari, kila mmoja na namba yake kwenye kibao, huyu ametoka Tabora, huyu Songea, huyu hakuna anayemjua, aliokotwa sokoni. Kwetu mtu hulala nyumbani, migombani, watoto wanacheza karibu yake, wanawake wakipita na kuni wanamkumbuka kwa jina. Anayezikwa mbali na nyumba ni yule asiye na mtu. Baba aliwajengea watu nyumba, akajenga shule, akajenga kanisa, halafu yeye akalale mstarini na namba? Nilimshika mkono nikamwambia, "Baba, haki ya Mungu, huendi kule." Nilisema kabla ya kufikiri. Ndivyo nilivyo.

Mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Sasa niambie, tungempeleka wapi? Shamba la babu lilikuwa Engare Nanyuki, na Engare Nanyuki ilikuwa imekwisha kuwa malisho ya ng'ombe wa wazungu. Baba zangu wadogo wenyewe walikuwa wanalala kwa watu. Kikwe kwa mume wangu haiwezekani, mzee hazikwi kwa mkwewe, hata mkwe awe mwema namna gani, na wangu si mwema namna hiyo. Palibaki uani kwetu tu. Na uani kwetu ni mjini.

Kesho yake nikamwona Bwana Afya anapita na baiskeli, nikamsimamisha. Alikuwa kijana wa Kichaga, kaptula ya kaki, soksi hadi magotini, kazi yake kukagua vyoo vya mtaa mzima na kutuandama kwa habari ya mbu.

"Bwana Afya," nikamwuliza, "mtu akizikwa nyuma ya nyumba yake, kimyakimya, mtafanya nini?"

Akashuka. "Nani amefariki, mama?"

"Hajafariki mtu. Kuuliza si ujinga."

Akaitazama nyumba, akaona majirani wamejaa barazani saa za kazi, akaelewa. "Mzee Yoeli ndiye aliyejenga shule niliyosoma," akasema. "Mama, usinitie katika jambo hili. Mkimzika uani, amri ni kumfukua. Na anayetumwa kusimamia ni mimi."

"Na utasimamia?"

"Nisiposimamia mimi, ataletwa mtu ambaye hakumjua."

Nikamwambia aniondokee na baiskeli yake kabla sijaitupa mtoni. Maskini, hakuwa amekosa kitu. Aligeuka kuondoka, kisha akasimama, akainua kidevu kuonyesha kona ya juu. "Amri yangu inakoma kwenye lile jiwe la zege," akasema. "Ng'ambo ya pale mimi si mtu." Akaenda zake, anaikokota baiskeli bila kuipanda.

Ng'ambo ya masale! Nilijipiga kipaji. Shamba la Lekishon lilikuwa pale pale, unavuka tu. Na Lekishon nani? Si ndiye aliyekuwa anakula na baba sahani moja kila Jumapili baada ya kanisa? Baba akimwita "mchunga mbuzi," yeye akimwita baba "mla ndizi," wanacheka mpaka machozi. Loshoro ya mkewe, Nosim, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, mimi nimekulia humo. Nikaona jambo limekwisha. Nikapenya kwenye uwazi wa masale vile vile nilivyo, na unga mikononi.

Lekishon alikuwa anarekebisha ua wa zizi, Nosim anasuuza vibuyu vya maziwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Yoeli ameamkaje?"

"Ameamka, lakini hatuna naye siku nyingi. Baba, nimekuja kuomba. Akiondoka, tumlaze hapa kwako, hapa hapa kando ya masale. Hatutaki zaidi ya urefu wake."

Lekishon akaacha mti aliokuwa ameushika. Nosim akaweka kibuyu chini. Nilidhani watasema ndiyo mara moja, lakini wakatazamana, na hapo nikaanza kuhisi damu inanipanda.

"Mwanangu," Lekishon akasema, "shamba hili si langu peke yangu, ni la ukoo. Na wewe unajua: penye kaburi pana mwenyewe. Siku watu wanapogombania ardhi, haulizwi aliyelima, anaulizwa aliyezikwa. Nikimlaza Yoeli hapa, Bariki atarudi kutoka Malaya, atasema, baba yangu yuko hapa, basi hapa ni kwangu. Nani atamkatalia? Mimi nitakuwa nimekufa. Wanangu na yeye watashikiana mapanga."

"Basi sema hutaki!" Ndivyo nilivyomjibu, mtu mzima yule, mbele ya mkewe. "Jumapili zote hizo mnachovya mchuzi mmoja, leo unaogopa mifupa yake? Baba yako alikuwa mtu. Wewe je?"

"Tabea!" Nosim akaita. Lekishon akainama, akaokota mti wake, akaendelea na ua wa zizi. Nikarudi nilikotoka.

Sauti yangu ilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta baba ameinuka kwenye mito, ameshikilia ukingo wa kitanda, mama anamzuia asianguke.

"Umekwenda kuomba kaburi kama mtu anayeomba chumvi?" akaniuliza.

"Baba, nilidhani..."

"Mkono mtupu haulambwi. Halafu ukamtukana mwenye nyumba." Akakohoa mpaka nikaogopa. Alipotulia akasema, "Lekishon amesema kweli. Ningekuwa yeye, ningesema vile vile." Akageuza uso ukutani, ukuta alioujenga mwenyewe, na hakututazama tena mchana ule wote. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira. Hasira kwa Lekishon, hasira kwa mji, hasira kwa yule mzungu na darubini yake.

Mama hakulia. Alinawa uso, akabadili kanga, akafunga kilemba chake cha kanisani. Kisha akashuka hadi mferejini, akang'oa nyasi mbichi, mkono mmoja umejaa.

"Twende," akaniambia. "Waarusha hawaombwi kwa kelele. Na hicho kinywa chako kiache hapa."

Nilijua maana ya zile nyasi, kila aliyekua upande ule wa mlima anajua. Kwa Waarusha anayekuja ameshika nyasi amekuja kwa amani, hafukuzwi, na atasikilizwa hadi amalize. Ni mimi tu niliyejifanya nimesahau, kwa sababu nilimwona Lekishon kama baba yangu mwingine, na kwa baba yako huendi na nyasi. Lekishon alipomwona mama amesimama kwenye uwazi wa masale, mkono wake mbele, alivua kofia. Akatuma watu kuwaita wazee wa ukoo wake.

Walikuja alasiri ya kesho yake, wakaketi kwenye vigoda uani kwa Lekishon, karibu na zizi. Mkubwa wao alikuwa mzee Lomayani, binamu yake Lekishon, mtu mkavu, macho makali, aliyekuwa amefunga blanketi lake begani ingawa jua lilikuwa linawaka. Mama alisimama mbele yao na nyasi nyingine mbichi. Mimi nilikaa chini nyuma yake, nimeuma ulimi.

"Mimi ni mke wa mgeni wenu," mama akasema. "Baba yenu alimpa mume wangu mahali pa kulala akiwa hai. Leo nimekuja kumwombea mahali pa kulala akiwa amekufa. Siombi shamba. Sina maneno mengine."

Basi. Mimi ningezungumza mpaka jua lizame.

Mzee Lomayani akazitazama zile nyasi. "Mama," akasema, "tumeona watu wenu walivyotolewa upande ule wa mlima. Na huku mji unapanda. Leo umekomea kwenye masale ya Yoeli, kesho utayaruka. Sisi na watoto wetu tumebaki na huu ukanda tu. Si kwamba hatumpendi Yoeli. Nyumba yangu mwenyewe alinisimamishia kona zake bila ujira. Lakini ardhi ya kuchezea hatuna."

Wakainuka, wakasogea nyuma ya zizi, wakasemezana kwa Kiarusha. Nosim aliwaletea maziwa, hakuna aliyeyagusa. Mama alibaki amesimama, mkono mbele. Nilitaka nimshikie zile nyasi, akanikatalia kwa macho. Waliporudi, Lekishon alikuwa anaangalia chini.

"Mwanamume mmoja akilala kwako ni mgeni aliyelala," Lomayani akasema. "Boma linabaki la mwenyewe. Lakini mume na mke ni boma. Makaburi mawili yakilala pamoja, hapo ni nyumba ya watu, na watoto wao wana haki ya kupadai. Kwa hiyo tutatoa kaburi moja, pale kwenye kiwanja kidogo cha nyasi kati ya masale na mgomba mkubwa. Lisipandwe isale, lisitiwe saruji, na asimfuate mwingine. Umekubali?"

Nisikilize sasa. Mimi nilifurahi! Niliyasikia maneno yale yote kwa masikio yangu, na bado moyoni nilikuwa namshukuru Mungu, nikiwaza nitakavyokimbia kumwambia baba. Mama hakukawia hata kidogo.

"Nimekubali," akasema.

Akampa Lomayani zile nyasi. Mzee akazitemea mate ya baraka, akazirudisha mkononi mwa mama na kuzifumbata pamoja naye. Nosim ghafla akajifunika uso kwa kanga, akaingia ndani. Nikashangaa, huyu analia nini tena, na tumekwisha kupewa?

Tulipokuwa tunavuka kurudi kwetu ndipo liliponijia. Mama alikuwa mbele, anatembea polepole kuliko kawaida yake.

"Mama," nikaita. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe utazikwa wapi?"

"Kule chini," akasema. "Watanichimbia mstarini." Aliyasema kama mtu anayekuambia kesho ataamkia sokoni Tengeru.

Nikageuka nirudi kwa wale wazee. Ningewapigia magoti, ningewatukana, sijui ningefanya nini. Mama akanidaka kifundo cha mkono, na sikujua kama alikuwa na nguvu vile.

"Ukirudi kule, mimi si mama yako," akasema. "Nimewapa nyasi. Nyasi hazitolewi mara mbili kwa jambo moja."

"Lakini mama, peke yako, kule..."

"Ulimwapia baba yako kwamba haendi kule chini. Nilikuwa nimekaa pale pale, nilisikia. Sasa haendi. Futa uso, tunaingia kwa mgonjwa."

Baba alipoelezwa, mtu yule aliyekuwa hawezi kumeza hata uji aliomba maziwa. Alikunywa nusu kikombe. "Mchunga mbuzi huyu," akawa anasema, "mchunga mbuzi huyu ni mtu kweli." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akamtazama mama.

"Na wewe, Penina?"

Mama alikuwa anamtengenezea mto. "Kwani mimi nitakwenda wapi?" akasema. "Tutakuwa pamoja."

Huyu ni mama aliyenichapa fimbo utotoni kwa kusema sikulamba sukari na hali nililamba. Mama aliyekuwa kiongozi wa wanawake kanisani, asiyejua kupunja hata kibaba. Baba akanigeukia mimi, kama anayetaka shahidi wa pili. Nilikuwa na maneno yote ya dunia, na yote yalinikauka. "Ndiyo, baba," nikasema.

Ningeomba mambo yaishie hapo. Lakini baba alikuwa fundi, na fundi hawezi kupewa mahali asipapange. Lekishon alipokuja jioni kumjulia hali, baba akamshika mkono, akamshukuru, akaanza kumwelekeza. "Wanao wachimbe upande wa kulia, karibu na mgomba wako ule mkubwa. Waache upana wa kitanda. Wasije wakanilaza katikati, nikamziba Mama Tabea." Lekishon alimtazama mama. Mama akamtazama Lekishon. Ni Lekishon aliyekuwa ametoka kwenye kikao kile na neno la wazee wake kinywani, na angeweza kusema. Akamwambia baba, "Nimesikia, mla ndizi. Upande wa kulia." Halafu akatoka upesi, na kofia yake akaisahau kitini.

Baba alikata roho Jumamosi asubuhi, mama amemshika kichwa. Alikwenda ametulia. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wakiniuliza kama mama alifanya vibaya kumdanganya, nawaambia wamwulize yeyote aliyeuona uso wa baba asubuhi ile.

Mazishi yakawa Jumapili baada ya ibada. Mtaa wote ulikuja. Makarani na wake zao walipanda kutoka chini, Waarusha walishuka kutoka juu, mpaka masale yale ya baba hayakuonekana kwa watu waliosimama pande zote mbili. Bwana Afya naye alikuja, bila kaki, amevaa koti jeusi lililombana, akaenda kusimama upande wa Lekishon, ng'ambo ya jiwe lake. Nikamwamkia. Akaitikia na kuniambia, "Pole sana, mama," na mimi nikaona aibu kidogo kwa habari ya baiskeli.

Lakini nimeanza na mwisho. Kabla ya ibada, alfajiri palipopambazuka, vijana wa Lekishon walifika na majembe kuchimba. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, na umande bado uko kwenye majani ya migomba. Lekishon mwenyewe alikuwepo, na wazee wawili wa ukoo, na Lomayani na blanketi lake. Mimi na mama tulikuwa tumesimama kando. Kijana mmoja akauliza, "Tuanzie wapi?"

Nilifungua kinywa niseme upande wa kulia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya baba ya mwisho yenye maana, na nilikuwa nimeyashika. Nilikwisha hata kujidanganya moyoni. Nilijiambia, nafasi ikibaki, miaka ikapita, wazee hawa wakafa, nani atajua? Upana wa kitanda tu.

Mama akanipita, akaingia kwenye kile kiwanja kidogo cha nyasi, akasimama penyewe.

"Chimbeni hapa," akasema. "Katikati."

Yule kijana akamtazama baba yake. Lekishon akasogea karibu na mama, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia, "Mama Tabea, mzee aliniagiza upande wa kulia. Mimi niliitikia." Akanyoosha kidole upande ule. "Nafasi haisemi kitu. Acha ibaki."

Nikamshika mama mkono. "Mama, umesikia? Amekubali mwenyewe. Nakuomba."

Mama akatazama walipokuwa wamesimama wale wazee. Lomayani alikuwa anaangalia mbali, kule mlimani, kama asiyesikia. Sijui hadi leo kama alikuwa hasikii kweli au alikuwa anatuachia.

"Nikiacha nafasi," mama akasema, "nitakuwa nimeomba mara ya pili. Na nitakuwa nimeiba. Yoeli hajawahi kulala kwenye kitu cha kuiba." Akageukia vijana. "Katikati, wanangu. Pasibaki mahali."

Lekishon akarudi nyuma, akaegemea ua wa zizi lake, akalia kwa sauti mbele ya wanawe. Jembe la kwanza likaingia ardhini. Mama hakuondoka. Alisimama akiwaonyesha, sogeza huku kidogo, ongeza pale, mpaka kaburi likala kiwanja chote, kulia halikubakiza kitu na kushoto halikubakiza kitu.

Mchana, tulipokuwa tunafukia, nililia hadi wanawake wawili wakanishika mikono. "Mlilie baba, mlilie," wakaniambia, "alikuwa mtu mwema." Niliwaacha waseme. Baba alikuwa amekwisha kufika alikotaka. Mimi nilikuwa namlilia mama, aliyesimama hapo ubavuni pangu anaimba, mzima, sauti haitetemeki, na mchanga ule tuliomwagia baba ulikuwa unamfungia mlango.